Mshiriki wa Saba

Ndugu zangu, kaeni mnisikilize, maana jambo hili limenikaa kooni. Ni habari ya nyumba moja ya watu wema, wasiogombana na jirani wala kudaiwa na mtu, ambayo baba yake alipoteza kitu kisichouzwa dukani. Chanzo chake kilikuwa karatasi ya chuo iliyojazwa uongo. Kumbe karatasi nayo huumiza watu.

Baba huyo alikuwa fundi cherehani, na kila mtu alimwita Fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa kiwanda: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na kwenye kona pazia la bluu ambalo wateja walijaribia nguo nyuma yake. Sifa yake ilikuwa suti. Alikupima, akakata, akapiga bandi za kushikiza kwa muda, akakuita uje kujaribu, akachora kwa chaki, akafumua, akakuita tena. Mteja akilalamika kwamba vipimo vimeshaandikwa kwenye daftari, Fundi alimjibu, "Daftari halivai koti. Njoo wewe mwenyewe."

Jumamosi moja asubuhi nyumba ilikuwa shwari kabisa. Redio ilikuwa inaongea chinichini. Mkewe alikuwa anapiga pasi suruali za wateja. Kwenye kiti karibu na dirisha alikaa mtoto wao wa pekee, binti wa mwaka wa mwisho chuoni, kompyuta mapajani. Huyo walimwita Profesa tangu darasa la pili, siku alipomsahihisha mwalimu hesabu ubaoni na mwalimu akakiri. Fundi alikuwa anapigapiga mguu kufuata redio huku akishona. Mtu akipita nje angesema hawa wameridhika, na angekuwa amesema kweli.

Ndipo mkewe alipoliinua koti moja lililokwisha, akalitazama, akalishusha, akaliinua tena.

"Baba Profesa, huyu mteja ana nyonga moja iko chini?"

"Hana."

"Basi koti lako linadhani anayo."

Fundi akasimama, akalichukua. Aligeuza shingo upande, kama mtu anayechungulia mlangoni, ndipo akaona: mfuko wa kushoto ulikuwa chini ya mwenzake kwa vidole viwili. Akachukua wembe akaanza kufumua. Mwezi huo ilikuwa mara ya tatu.

Alijua kinachomsumbua. Miaka minne nyuma daktari wa hospitali kubwa alimwambia ana presha ya macho, ugonjwa usiouma wala kuwasha, unaokula macho kimyakimya kuanzia pembeni. Dawa yake ilikuwa matone kila jioni, bila kukosa, na kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Fundi hakuwahi kukosa. Lakini sasa chupa ya matone ilikuwa imekwisha siku kumi na mbili zilizopita, na hospitali haimwandikii mtu chupa mpya mpaka apimwe. Na siku hizi ili upimwe lazima uweke miadi. Na miadi, wandugu, inawekwa kwenye tovuti.

Hapo ndipo kero yetu inapoanza.

Tovuti yenyewe ilikuwa kazi ya Profesa. Nasema kweli, wala si mzaha. Chuoni alikuwa anasomea utengenezaji wa tovuti, na hasa namna ya kuzifanya ziwe rahisi kwa watu wa kawaida. Utafiti wake wa kumalizia masomo ulikuwa kutengeneza ukurasa wa miadi wa kliniki ya macho, kisha kuupima. Hospitali ilikubali kwa sharti moja tu: ukurasa ujaribiwe kwanza na watu thelathini wa aina ile ile wanaokuja kliniki, mtafiti akae ubavuni mwa kila mmoja, aangalie kwa macho yake wapi mtu anakwama, aandike. Profesa aliupeleka ukurasa, na baada ya muda akapeleka ripoti ya kwanza: watu thelathini wamejaribu, watu thelathini wamefaulu. Hospitali ikafurahi, ikalifunga kabatini lile daftari kubwa la dirishani ambalo wagonjwa waliandikishwa kwa mkono.

Fundi aliona fahari hadi mabega yakapanuka. Alimwambia kila mteja aliyekuja kupimwa, hata wale waliokuja kuulizia vifungo tu. "Binti yangu ndiye aliyeondoa foleni pale hospitali." Ukimwambia hongera, anakuambia tena kuanzia mwanzo.

Kwa hiyo alipofika yeye kuitumia tovuti ya binti yake, alitaka aimalize peke yake. Aliingia chumbani, akakaa kitandani na simu, akavaa miwani. Akaandika jina lake, herufi moja moja kwa kidole cha shahada. Akaandika namba ya kadi ya kliniki, akaichagua siku. Alifurahi jinsi mambo yanavyokwenda. Kisha ukatokea ukurasa mwingine wenye jina lake na siku aliyoichagua, na katikati pakawa na kitufe kikubwa cheusi kimeandikwa kwa herufi nene: RUDI.

Sasa nisikilizeni vizuri. Fundi alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili, na maisha yake yote amesimama kwenye madirisha ya ofisi. Neno rudi analijua kuliko jina la shemeji yake. Rudi maana yake mwenye mhuri hajafika. Rudi maana yake faili halionekani, bosi yuko kikaoni, mashine imekufa, njoo siku nyingine. Mtu akiambiwa rudi hagombani, anabeba mfuko wake na kwenda zake. Basi Fundi akavua miwani, akatia simu mfukoni, akatoka.

"Vipi, tayari?" mkewe akamuuliza.

"Wamesema nirudi."

"Nani kasema?"

"Simu."

"Urudi lini?"

"Haikutaja siku."

Mkewe akaguna, akaendelea na pasi yake. Naye pia ameshasimama kwenye madirisha mengi, hakuona ajabu yoyote.

Mimi naona ajabu, na hasira juu yake. Maana chini ya kile kitufe cheusi, kama mtu angeusukuma ukurasa juu kidogo kwa kidole, kulikuwa na kitufe kingine, chembamba, cha rangi ya majivu kwenye ukurasa mweupe, kimeandikwa ENDELEA. Hicho ndicho kilichokuwa kinakamilisha miadi. RUDI ilikuwa ya yule aliyekosea akitaka kusahihisha jina lake. Kila aliyesomea kompyuta analijua hilo hata akiwa usingizini, lakini Fundi alisomea cherehani, na hakuna aliyemwambia.

Wiki ya pili akajaribu tena. RUDI. Wiki ya nne akajaribu. RUDI. Akasema moyoni, labda simu inanikataa, ngoja niende mwenyewe. Akaenda hospitali, akasimama dirishani mbele ya mhudumu wa mapokezi, dada mmoja mwenye haraka zake.

"Umeweka miadi, mzee?"

"Niliingia kwenye mtandao, mama. Imeniambia nirudi."

"Basi fuata ilivyokuambia."

"Ndiyo nimerudi."

"Urudi siku yako. Mimi mfumo ukishasema, siwezi kukupenyeza."

"Siku yangu ni lini sasa?"

"Itakuambia yenyewe. Anayefuata."

Fundi akageuka. Akiondoka alimgonga kwa bega mtu aliyekuwa amesimama kushotoni kwake, akamwomba radhi. Hakuwa amemwona kabisa. Akatembea hadi nyumbani ameshika ukuta wa upande ule.

Jioni hiyo alimwendea Profesa. Binti alikuwa kwenye kile kiti cha dirishani, nyaya za kusikilizia muziki masikioni, vidole vinakimbia. Fundi alisimama hapo kama mteja. Jamani, mtu na nyumba yake.

"Mwanangu, ile tovuti yako inanishinda kidogo."

Profesa akatoa waya sikio moja. "Inakushinda nini, baba? Ile hata mtoto wa chekechea anaimudu."

"Nikifika mwisho naona haiendi."

"Fuata maelekezo tu. Kila kitu kimeandikwa pale. Soma kilichoandikwa, fanya hivyo hivyo."

"Ndivyo ninavyofanya."

"Basi itakubali." Waya ukarudi sikioni.

Na kweli, Fundi akafuata maelekezo. Akaenda chumbani, akasoma kilichoandikwa, akafanya hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyeitii tovuti ile kuliko yeye.

Mkewe uzalendo ulimshinda. Siku chache baadaye alimsimamia binti yake, mikono kiunoni.

"Kaa na baba yako dakika tano. Dakika tano tu. Umwekee hiyo miadi."

"Mama, tarehe ya kuwasilisha imekaribia. Nina watu thelathini wa kupanga kwenye jedwali, kila mmoja na umri wake na kazi yake na muda wake."

"Hao watu thelathini wenyewe wako wapi? Toka umeanza sijaona hata mmoja akipita mlango huu. Wala wewe sijakuona ukitoka kuwafuata."

"Ni mambo ya kitaalamu, mama. Nikimaliza kuwasilisha, nitamwekea baba mwenyewe."

"Utamaliza lini?"

"Bado wiki tano."

Wiki tano, ndugu zangu. Kwa kitu cha dakika tano. Na mama alipouliza wale watu wako wapi, aliuliza swali ambalo chuo kizima hakikuliuliza. Angelishikilia hapo hapo, pengine nisingekuwa na hadithi ya kusimulia. Lakini neno "kitaalamu" linatufunga midomo wazazi, tunaogopa kuonekana washamba mbele ya watoto tuliowasomesha wenyewe.

Siku ya kutetea utafiti ikafika, na wazazi wakaalikwa. Fundi alivaa suti aliyojishonea, ya kijivu, na mkewe akamshika mkono wa kushoto njia nzima, akimwambia hapa kuna ngazi, hapa kuna tundu. Mlangoni pa ukumbi kulikuwa na daftari la wageni. Mkewe akawaandikia wote wawili: jina, umri, kazi. Fundi cherehani, miaka sitini na miwili.

Profesa alipendeza. Alisimama mbele akaeleza kwa sauti safi, picha za tovuti zikionekana kubwa ukutani. Fundi hakuelewa nusu ya maneno lakini alitingisha kichwa kila mahali. Kisha likatokea jedwali la watu thelathini. Wastani wa muda wa kuweka miadi: dakika mbili. Waliokwama: hakuna. Waliohitaji msaada: hakuna.

Msimamizi wa kikao alikuwa mhadhiri mmoja, mama mfupi mwenye sauti ya polepole, ambaye daftari la wageni lilikuwa mbele yake mezani. Alilitazama jedwali, akalitazama daftari, akaitazama safu ya wageni.

"Thelathini hawakukwama hata mara moja," alisema. "Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na saba, sijawahi kuwapata watu kama hao. Hebu mshiriki wa saba. Mwanamume, fundi cherehani, miaka sitini na miwili, mgonjwa wa kliniki ya macho. Naona tuna bahati, kama sijakosea amekaa pale na suti nzuri."

Profesa aligeukia jedwali ukutani. Rangi ilimtoka usoni, watu wa mbele wote wakaiona.

"Mzee, unaweza kutuonyesha ulivyofanya? Ni dakika moja na sekunde arobaini tu, kwa mujibu wa maandishi haya."

Fundi akainuka kwa furaha. Alidhani anamsaidia mwanawe. Akakaa mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akaanza kuandika jina lake, herufi moja moja. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama ukutani. Jina likaingia, namba ya kadi ikaingia, siku ikachaguliwa. Ukurasa wa mwisho ukafunguka, na pale katikati pakawa na RUDI.

Fundi akavua miwani, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akarudi kwenye kiti chake akakaa.

Wanafunzi wakacheka. Hata mimi nikisimulia hapa huwa najizuia, na kila nikijizuia nazidi kukasirika.

"Mbona umerudi, mzee?" mhadhiri aliuliza. Yeye hakucheka.

"Si imesema nirudi."

"Huwa inakuambia hivyo?"

"Mara zote. Hii ni ya sita."

Kicheko kikakatika. Mhadhiri akamwita mama wa usafi aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake, akamwomba naye ajaribu. Mama yule akajifuta mikono, akaandika, akafika ukurasa wa mwisho. Akasubiri. Akageuka akauliza, "Nirudi lini? Haijasema siku."

Hapo hakucheka mtu yeyote. Mhadhiri akainua karatasi.

"Mzee, hapa imeandikwa kwamba ulimaliza bila msaada, na ulipoulizwa maoni yako ulisema hivi, nanukuu: 'Nimefurahi sana, ni rahisi kama kutunga uzi.' Ulisema hivyo?"

Fundi alimtazama binti yake. Alielewa sasa. Alielewa kwamba yeye ndiye mshiriki wa saba, kwamba maneno yale yametungwa na mtu anayemjua vizuri, anayejua hata namna anavyoongea, na ambaye hakupata dakika tano za kumuuliza. Roho ilimuuma, na pamoja na kumuuma, alitaka kumfichia. Ni mwanawe. Akafungua mdomo aseme ndiyo.

"Nipe nisome mwenyewe," alisema, ili apate nafasi ya kufikiri.

Mhadhiri akamletea karatasi, akaishika upande wake wa kushoto. Fundi akanyoosha mkono hewani, akakosa. Akanyoosha tena, akakosa tena. Karatasi ilikuwa pale pale, shubiri moja kutoka usoni pake.

"Mzee," mhadhiri akasema taratibu, "jicho hili linaona?"

"Linaona kidogo."

"Halioni," mkewe alisema, na sauti yake ikapanda mpaka nyuma ya ukumbi. "Mwambie ukweli. Halioni. Tangu matone yaishe ni karibu miezi mitatu. Kila siku anaambiwa arudi, anarudi, anarudi. Na mwenye tovuti tunalala naye nyumba moja."

Profesa alishuka pale mbele akaja akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. "Baba, kwa nini hukuniambia ni jicho?"

"Nilikuambia tovuti inanishinda," Fundi alisema. "Ungeuliza inanishinda wapi, ningekuambia na la jicho."

Akavuta pumzi. Kisha akaongea na mhadhiri, akiangalia alikodhani amesimama. "Sikusema yale maneno, mama. Sijapimwa na mtu. Huyu mtoto amekua anaona nikimwita mteja mara tatu ajaribu koti moja. Ameshona watu thelathini kwa kichwa chake. Sijui alijifunza wapi, maana si kwangu."

Kikao kilivunjika. Mhadhiri mwenyewe alipiga simu hospitali, na Fundi akaingizwa kliniki mchana ule ule, bila tovuti wala daftari. Daktari alimmulika macho, akamwekea kidude cha kupima, akapima tena upande wa kushoto kana kwamba haamini. Mwishowe akavuta kiti akakaa karibu nao.

"La kulia tumeliwahi, kwa bahati. La kushoto limekwenda. Mngekuja miezi miwili nyuma tungelilinda, kwa matone tu."

"Kuna upasuaji?" Profesa aliuliza. "Kuna hospitali nyingine? Kuna nchi nyingine?"

"Kilichokufa kwenye ugonjwa huu hakuna anayekifufua, binti yangu. Pole sana."

Chuo kilifuta utafiti wote wa Profesa, na akaambiwa aanze upya mwaka mzima. Wenzake wakavaa majoho yeye akibaki na vitabu vyake. Hospitali nayo ilipochungulia ndani ya mfumo ilikuta fomu mia moja arobaini na tatu zimeishia kwenye ukurasa ule ule. Watu mia moja arobaini na watatu, wengine wazee kuliko Fundi, wako majumbani wanangoja kutajiwa siku ya kurudi. Daftari likatolewa kabatini. Wahudumu waliwapigia simu mmoja mmoja, na wengine hawakupatikana.

Safari ya pili Profesa alikaa kwenye benchi la kliniki miezi mitatu, na watu halisi. Kuwapata thelathini kulimchukua muda wote huo. Alikaa ubavuni mwa mwuza mkaa, mwalimu mstaafu, dereva, bibi asiyejua kama kidole kibonyeze au kiguse tu. Kati ya watu kumi wa kwanza, wanane walikwama. Alikibadilisha kile kitufe: alikiandika "Sahihisha jina au siku", akakifanya kidogo, na ENDELEA akaiandika "Weka miadi yangu", akaikuza na kuipandisha juu. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Alilia alipogundua hivyo, na aliyekaa naye benchini akadhani ni mgonjwa, akampa pole.

Nyumbani, Fundi alijaribu kuendelea. Kwa jicho moja aliweza kushona mashuka na mapazia, na sare za shule kama zikiwa pana. Suti hazikuwezekana. Bega la koti linataka macho mawili, ndivyo alivyosema. Alishona moja, akaitundika mbele ya kioo, akaigusa mabega kwa vidole, kisha akaifumua yote mpaka vikabaki vitambaa mezani. Hakujaribu nyingine.

Alimsamehe binti yake, tena mapema. Watu waliuliza sana juu ya hilo, basi na wajue. Alisema hana mtoto mwingine wa kumkasirikia. Lakini kumsamehe mtu hakumshonei koti.

Jumatatu moja alikuja kijana mmoja na kitambaa kizuri ndani ya mfuko, bluu ya giza. Anaoa. Baba yake alioa na suti ya Fundi, kaka zake wawili vilevile, na yeye hataki nyingine. Fundi alikuwa ndani, akaisikia sauti, akamwambia Profesa, "Nenda wewe."

Profesa akaenda mlangoni.

"Fundi hashoni suti tena," alisema.

Kijana akacheka, akidhani ni utani. "Mzee bado ana nguvu bwana, nimemwona jana anatembea. Amechoka? Ninaweza kusubiri. Ni kwa nini?"

Angeweza kusema ni uzee. Angeweza kusema ni maradhi, na usingekuwa uongo mtupu. Ndani, cherehani ilikuwa imenyamaza, wazazi wake wote wawili wanasikiliza. Profesa alikishika kile kitambaa cha bluu, akakikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe.

"Kwa sababu yangu," alisema.

MAFUNZO

Ninyi wanafunzi, sikilizeni. Mkiambiwa mkawaulize watu thelathini, kawaulizeni watu thelathini. Msikae chumbani mkawazaa wenyewe, mkawapa umri, kazi, na maneno ya kusema. Huyo mzee unayembuni ana mwenzake wa kweli mahali fulani, na huyo wa kweli ndiye atakayekwama. Na usimwambie mtu kitu ni rahisi kabla hujamwona akikifanya. Rahisi kwa nani? Wewe ndiwe uliyekitengeneza.

Ninyi mnaosahihisha kazi zao na ninyi mnaozipokea, jedwali lisilo na doa ndilo la kulitilia shaka. Mhadhiri wa hadithi hii aliuliza, lakini aliuliza ripoti ikiwa imeshafika hospitali na daftari limeshafungwa, na hilo nalo limo kwenye lawama zangu. Wahudumu wa madirishani, mtu akikuambia mashine imemwambia arudi, inua macho umwulize ameona nini. Haitakugharimu kitu.

Na sisi wazazi tuache kuona haya. Sema, sielewi, njoo hapa, kaa, nionyeshe. Ukijibiwa "fuata maelekezo", usiondoke.

Mtoto aliyesoma akiombwa dakika tano na baba yake, na azitoe siku hiyo hiyo. Fundi aliziomba wakati jicho lake bado linaona.